Mgonjwa akiharibikiwa mikononi mwako ICU, fanya hivi

Manesi wenzangu, dozi ikikosewa au mrija wa kupumulia ukichomoka mgonjwa akabadilika ghafla, kwanza ahudumiwe, daktari aambiwe, alafu omba mwenzako akushikie kitanda, yaani amwangalie mgonjwa wako, hata dakika 10, usijikaze kuvuta dawa kwenye sindano huku mikono inatetemeka. Toka, kunywa maji, lia kama kilio kinakuja. Ukitulia andika ulichokiona na saa yake, faili usilifute.

Kinachouma zaidi ni usiku, mimi nilikua nasikia alamu ya monita niko kitandani kwangu, najiuliza ningegeuka mapema ingekuaje. Hauko peke yako, mwaka 2000 daktari Albert Wu wa Marekani aliandika kwamba daktari aliekosea nae anaumia, ni mwathirika wa pili, na sisi manesi tumo kabisa. Tafuta nesi mzoefu unaemuamini umwambie yote, ila jina la mgonjwa usilitaje, na sio kwenye grupu la WhatsApp jamani. Wiki zikipita bado hulali au unaogopa shifti, nenda ushauri nasaha. Ukiwaza kujidhuru, nenda leo hiihii.

Na wewe uliebaki nae zamu usimuulize ilikuaje akakosea, muulize kama amekula.