Somo: Kompyuta imezeeka. Upandishe mfumo endeshi au uuache ulipo?

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipofunga huduma ya kawaida ya Windows 10, swali hili halinipiti siku mbili: "Mkuu, mashine yangu ni ya zamani, nipandishe au nitulie?" Nami huuliza kwanza, unataka kupandisha ili upate nini? Tisa kati ya kumi hujibu: iwe nyepesi.

Hapo ndipo tunapopotezana. Mfumo mpya hauipi kompyuta kuukuu mbio ambazo haikuwa nazo. Mara nyingi huitwisha mzigo zaidi. Sababu za maana za kupandisha ni mbili tu: usalama, na programu zinazokataa kukaa kwenye mfumo wa zamani. Kama kinachokuudhi ni uzito, dawa yake huenda isiwe mfumo kabisa. Twende taratibu.

Hatua ya 1: Jua mashine uliyo nayo

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha Enter. Kidirisha kitakuambia uko toleo gani. Ukikuta Windows 7, iliachwa tarehe 14 Januari 2020. Windows 8.1 ilifuata tarehe 10 Januari 2023, na Chrome kwa mifumo yote hiyo miwili iliishia toleo la 109.

Rudia vilevile, safari hii andika msinfo32. Dirisha linalofunguka lina mistari ya kutisha, lakini wewe tafuta minne: "System Type", "Processor", "BIOS Mode" na "Installed Physical Memory". Iandike pembeni.

Wa prosesa ndio unaowachanganya watu, basi tuusome pamoja. Tuseme umeandikwa i5-7200U. Tarakimu inayofuata kistari ni 7, maana yake prosesa ni ya kizazi cha saba. Ikiwa i5-8250U, ni kizazi cha nane. Zikiwa tarakimu tano, kama i5-10210U, unasoma mbili za mwanzo: kizazi cha kumi. Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali kuanzia kizazi cha nane, na kwa AMD kuanzia Ryzen za mfululizo wa 2000, ukiondoa vighairi vichache. Ndiyo maana laptopu mbili zinazofanana kama mapacha, moja inapita na nyingine inagomewa. Si umri wa bodi, ni hiyo tarakimu moja.

Masharti mengine: ram (ile "Installed Physical Memory" uliyoandika) isipungue GB 4, diski isipungue GB 64, mashine iwe na uwezo wa UEFI (njia mpya ya kuwasha mashine) na Secure Boot (ukaguzi wa usalama wakati wa kuwaka), na iwe na TPM 2.0. Hii ya mwisho ni sehemu inayotunza funguo za usalama. Kuiona, andika tpm.msc palepale ulipoandika winver. Ukiambiwa haipo, usikate tamaa mapema. Mara nyingi ipo ila imezimwa ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, na huko haijitaji kwa jina lake: kwenye mashine za Intel inaitwa PTT, za AMD inaitwa fTPM.

Lakini kabla hujagusa BIOS, angalia kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows. Ikiwa imefungwa, tafuta ufunguo wake wa akiba wenye tarakimu 48 na uuandike mahali nje ya hiyo kompyuta. Kuna watu wamebadilisha kitu kimoja tu kwenye BIOS, mashine ikadai tarakimu hizo, na wao ndiyo kwanza wanasikia kwamba zipo.

Hatua ya 2: Pima diski. Usiiruke hii

Mimi niliiruka, na nililipa. Laptopu ya mdogo wangu ilikuwa nzito, nikasema niipandishe usiku ili asubuhi aikute mpya. Ilifika asilimia 35 ikaganda. Nilipoweka sikio karibu nikasikia diski inagonga: tk, tk, kimya, tk. Asubuhi haikuwaka tena. Nakala ya mwisho ya picha zake ilikuwa na miaka miwili. Diski ilikuwa inaumwa siku zote, na huo uzito ndio uliokuwa ukilalamika. Mimi nikaibebesha kazi ya kuandika mafaili maelfu kwa mkupuo.

Kwa hiyo: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka, nenda "Performance", angalia panapoandikwa Disk. Windows 10 za karibuni zitakuambia kama ni HDD au SSD. Washa mashine upya, kisha lifungue tena dirisha hilo. Kama diski inakaa asilimia 100 kwa dakika nyingi huku prosesa inapumzika kwa asilimia 10, mchawi umemjua.

HDD ni sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa chake lazima kisafiri kwenda kila faili lilipo. Kwa vipande vidogo vilivyotawanyika huambulia usomaji kama mia moja hivi kwa sekunde. SSD haina kinachozunguka, na hufikia makumi ya maelfu. Hakuna toleo la Windows litakaloziba pengo hilo.

Afya ya diski ipime kwa CrystalDiskInfo, ni ya bure. Bluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni msiba. Ukiona njano, funga somo hili, kanakili mafaili yako kwanza.

Hatua ya 3: Orodhesha unachokitegemea

Printa, skana, programu ya hesabu uliyowekewa na fundi miaka minane iliyopita. Ingia tovuti ya mtengenezaji wa kila kimoja, uone kama draiva (programu ndogo inayokifanya kifaa kielewane na Windows) ya mfumo unaoutaka ipo. Windows 11 haina toleo la biti 32 (yako ni ya biti ngapi, tazama ule mstari wa "System Type"), kwa hiyo draiva ya biti 32 haitaingia. Programu za biti 32 nyingi zinaendelea kufanya kazi, draiva ndiyo kikwazo.

Hatua ya 4: Nakala

Mafaili yako yawe sehemu mbili, na moja isiwe ndani ya kompyuta hiyo. Kisha fungua faili mojawapo kwenye hiyo nakala uone kama linafunguka. Watu wana nakala ambazo hawajawahi kuzifungua, wanakuja kugundua ni folda tupu.

Hatua ya 5: Amua

Prosesa inakubalika, ram GB 8, SSD nzima? Pandisha, wala usizunguke.

Prosesa inakubalika lakini una HDD na ram GB 4: weka SSD kwanza, ongeza ram kama mashine inaruhusu, ndipo upandishe. Hizo GB 4 ni kiwango cha kuruhusiwa kuingia, si cha kukaa kwa raha. Fungua kivinjari chenye vichupo sita utaelewa ninachosema. Na baada ya kuweka SSD, wengine huona mashine imeamka kiasi kwamba hamu ya kupandisha inaisha. Usalama bado ni hoja, lakini angalau utaamua bila hasira.

Prosesa haikubaliki: una njia tatu. Ya kwanza ni kujiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama wa Windows 10, ambao kwa watumiaji wa nyumbani unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Huko ni kununua muda tu. Ya pili ni Linux, mfumo endeshi mwingine usio wa Microsoft. Aina yake iitwayo Mint, yenye sura ya Xfce, ni nyepesi, na unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Ukiijaribu usiishie kutazama picha ya ukutani. Unganisha Wi-Fi, piga video yenye sauti, washa kamera, funga kifuniko kisha ukifungue uone kama inaamka. Ya tatu ni kuiondoa kwenye intaneti kabisa, ifanye kazi moja ya ndani kama kuendesha skana kongwe. Wengi huidharau njia hii, mimi naiheshimu.

Ukishapandisha na ukajuta, una siku 10 za kurudi nyuma kupitia Settings, System, Recovery. Katika siku hizo usifute folda ya Windows.old hata kama nafasi inakubana, maana ndiyo njia yenyewe ya kurudi.

Maswali ya wanachama

Mkuu, nimeona watu wanaruka masharti ya TPM kwa flashi iliyotengenezwa na Rufus, ile programu ya kutengeneza flashi za kuwekea Windows. Nami nipite humo?

Inawezekana, na wengi wako humo. Ila Microsoft haikuahidi masasisho kwenye mashine zisizotimiza masharti, na kama tunapandisha kwa ajili ya usalama, basi tumerudi tulikotoka. Tena kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11, prosesa isiyo na maagizo ya SSE4.2, mfano zile Core 2 Duo, haiwaki kabisa, na hakuna ujanja wa kuruka hapo. Kama ni mashine ya pili ya kuchezea, cheza. Kama ndiyo inayokulisha, hapana.

Mwalimu, BIOS Mode yangu inasema Legacy. Nimeibadili kuwa UEFI, sasa haiwaki. Nimeiua?

Hujaiua. Rudisha ilivyokuwa, itawaka. Diski yako imegawanywa kwa mtindo wa MBR, na UEFI inataka GPT. Windows 10 ina zana inayoitwa mbr2gpt. Fungua Command Prompt kama msimamizi, anza na mbr2gpt /validate /allowFullOS, ambayo inapima tu bila kubadili kitu. Ikikubali, weka /convert mahali pa /validate, halafu ndipo uende BIOS. Na nakala uwe nayo, tafadhali. Nimeshasimulia ya mdogo wangu.

Leseni yangu itapotea? Sina karatasi wala namba.

Ukipandisha juu ya Windows 10 iliyo halali, leseni inafuata mashine yenyewe, almradi ubaki daraja lilelile: Home kwenda Home, Pro kwenda Pro.

Nimepandisha jana. Leo feni inalia kama jenereta na mashine inachoma mapaja. Nirudishe?

Subiri kidogo, dada. Siku ya kwanza na ya pili mfumo unapanga faharasa ya mafaili, unashusha draiva, unamalizia masasisho. Iache kwenye chaji, mezani na si kitandani, imalize. Ikipita siku ya tatu bado inalia, fungua Task Manager uone nani anakula prosesa. Ukikuta hakuna anayekula na bado moto, hilo ni vumbi kwenye feni au pasta ya kupoza prosesa iliyokauka. Kusafisha kutakusaidia kuliko kurudi Windows 10.

Na sisi wa Mac? Nina MacBook Pro ya 2015.

Yako inaishia macOS Monterey kwa njia rasmi. Kuna OpenCore Legacy Patcher ya watu wa kujitolea inayoipandisha zaidi, na inafanya kazi, lakini kila sasisho kubwa unalisubiri kwa wasiwasi. Kupima diski kwanza kunakuhusu pia, ingawa zana za Hatua ya 2 ni za Windows.

Baba anatumia Windows 7 kusoma habari na kuangalia akaunti ya benki tu. Hataki kubadilishiwa chochote. Nimwache?

Angekuwa anacheza karata peke yake ningesema mwache mzee. Lakini benki ndiyo kitu cha mwisho cha kufungulia kwenye mfumo ulioachwa tangu 2020. Mwekee Mint, ongeza ukubwa wa maandishi, ficha vyote asivyovihitaji. Ikoni ya kivinjari iweke palepale ilipokuwa, kona ileile. Ukiisogeza hata vidole viwili, atakupigia simu kabla hujafika kwako.