Umerudishia mbegu ya mahindi haibridi, shamba likatoka na vimo vitatu

Msimu wa Machi niliitwa kwa shamba la mama mmoja huku Bweyale, Uganda. Mahindi yake yalikuwa vurugu tupu, mmea mmoja umenipita kichwa, wa pili uko kiunoni, huu mbelewele zishamwaga chavua na jirani yake hajatoa hata nywele. Akaniuliza, bwana shamba, hii mbegu mwaka jana ilinijazia stoo, nikachagua mwenyewe mahindi yaliyojaa mpaka ncha, sasa nani amenichezea?

Mama, hakuna aliyekuchezea. Ulirudishia haibridi, yaani ulipanda punje ulizovuna kwa mbegu ya dukani iliyozaliwa kwa kuchanganya wazazi wawili tofauti, na hii kitu inatuumiza wengi kwa sababu hakuna anayetueleza ndani ya mmea kunaenda nini.

Seli ya mahindi ina kromosomu 20, vile vifurushi vya urithi, yaani jozi 10, kila jozi moja ya baba moja ya mama. Mmea ukiwa unakua tu, mzizi unarefuka, jani linapanuka, seli inanakili DNA yote, yale maandishi ya urithi yaliyo ndani ya kromosomu, kabla ya kugawanyika. Zile nyuzi mbili zilizosokotana zinaachana kama zipu, kila uzi unajengewa mwenzake, herufi zake ni nne, A inakaa na T, C na G, na kile kimeng'enya kinachonakili kikiweka herufi mbaya kinarudi kinaitoa. Ndo maana mzizi na jani la mmea mmoja vina DNA ileile.

Sasa kutengeneza chavua na yai ni kazi tofauti kabisa. Hapo kromosomu za jozi moja zinalala ubavu kwa ubavu, zinakatika na kubadilishana vipande, alafu kila chembe ya chavua inabeba nusu tu, 10. Mwaka 1931 kina mama wawili wa Marekani, Harriet Creighton na Barbara McClintock, walithibitisha huko kubadilishana vipande kwa darubini, na mmea waliotumia ni haya haya mahindi.

Wazazi wa haibridi wamechavushwa wenyewe kwa wenyewe vizazi vingi mpaka kila jozi inafanana pande zote, kwa hiyo hata wakibadilishana vipande hakuna kinachobadilika, na watoto wote wanatoka sawa. Lakini yule mtoto, yaani mbegu uliyonunua, jozi zake zimetofautiana, na nguvu yake inatoka hapo hapo. Ukipanda punje zake kila moja inakuja na mchanganyiko wake, na kama nusu ya ile tofauti inayompa nguvu imeshapotea.

Kama pesa ya haibridi kila msimu haipatikani, panda Longe 5, aina ya mahindi isiyo haibridi, hiyo inarudishiwa. Ila chagua mbegu mimea ikiwa imesimama, usingoje stoo, kwa sababu hindi kubwa linaweza kuwa lilikaa tu pale zizi la mbuzi lilikuwa zamani. Chukua katikati ya shamba, mita 200 au zaidi kutoka kwa mahindi ya jirani, na kama shamba ni dogo basi pishaneni kupanda wiki tatu nne ili chavua isikutane. Na uchukue kwa mimea mingi, 100 hivi, usichukue kwa miwili mitatu iliyokupendeza, utadhoofisha kizazi. Baada ya misimu kama mitatu nunua mpya.

Maharagwe hayana shida hii sana, ua linajichavusha kabla halijafunguka.

Matoke, ndizi za kupika, ndo tofauti kabisa. Yana seti tatu za kromosomu, jumla 33, hazipangiki jozi sawasawa, kwa hiyo mbegu hakuna, unapanda chipukizi ambalo ni nakala ya mama yake. Mihogo ukipanda kijiti ni vilevile. Utamu unakuja wote, lakini ugonjwa pia unakuja! Mnyauko wa bakteria uligunduliwa kwa ndizi zetu Uganda mwaka 2001, na chipukizi la shamba linaloumwa linaweza kuubeba hata kama kwa macho ni zima. Panga pia linausambaza, lipitishe kwa moto au JIK, ile dawa ya kung'arisha nguo, kabla hujagusa shina lingine. Kijiti cha muhogo pasua kwanza kiazi cha mama yake, ukiona madoa ya kahawia yamekauka ndani, shina lile lote usilipande.

Yule mama tulizunguka naye na kamba nyekundu tukitafuta mimea ya kuweka, tukafunga mitatu, akazifungua mwenyewe. Agosti anapanda Longe 5, kamba zile zile amezitundika stoo zinangoja.