Kuhamishia Dodoma Banda la Kale la Bustani

Banda la mapambo la bustani, lile la pembe sita au nane lenye nguzo za mbao zilizochongwa, linaweza kuhamishwa bila kupoteza heshima yake ilimradi kila kipande kirudi mahali pake. Lango la Temple Bar la London, lililobomolewa mwaka 1878, mawe yake yalitiwa namba moja moja; ndiyo maana liliweza kusimamishwa upya katika shamba la Theobalds Park, na mwaka 2004 likarudishwa tena mjini.

Hakikisha kwanza kwamba jengo halilindwi na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa maana likiwa linalindwa huna ruhusa ya kuligusa bila kibali. Kisha chora ramani ya banda, piga picha kila upande, weka alama ya kaskazini, na upe kila upande herufi na kila kipande namba. Chaki hufutika na rangi hunywewa na mbao. Mimi hupendelea vibati vidogo vilivyotobolewa namba kwa msumari na kufungwa kwa waya.

Ubomoaji huanzia juu: bati, papi, kenchi, boriti, na nguzo mwishoni. Msumari uliokamatwa na kutu ukatwe kwa msumeno wa chuma ndani ya kiungo, kwa sababu kuung'oa kwa nguvu hupasua ulimi wa mbao (ncha iliyochongwa kuingia kwenye tundu la mbao nyingine), na ulimi huo ndio unaothibitisha ustadi wa fundi wa zamani.

Uwanja ndio utakaokupa kazi kubwa zaidi. Udongo mweusi wa mbuga, unaopatikana mabondeni kuzunguka Dodoma, huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, hivyo nguzo zitapinda hata kama zege ni nzuri. Chagua mwinuko wenye udongo mwekundu wa kichanga. Chimba msingi baada ya mvua kukoma, kati ya Juni na Oktoba. Usizike nguzo ardhini kamwe: ikalishe juu ya kikalio cha chuma kilichoshikwa na zege, ukiacha nafasi kiasi cha kiganja, ili mchwa wakipanda njia yao ya udongo ionekane mapema. Sehemu iliyooza chini ikatwe peke yake na kuungwa kwa mbao ya aina ileile, kwani kubadilisha nguzo nzima kwa uvivu wa kuunga ni kuliua banda polepole. Sakafu ya matofali ya kale ijengwe kwa chokaa, maana saruji ni ngumu kuliko matofali hayo na huyavunja kingo.

Wakati wa kusimamisha, pima umbali kati ya nguzo zinazotazamana. Vipimo visipolingana, umbo halijakaa sawa. Bolti zikazwe kikamilifu baada ya paa kukaa na kila nguzo kuthibitishwa kuwa wima kwa timazi.