Una mimba na unameza dawa za presha? Soma kwanza jina la kidonge

Mie nauza dawa Ngamiani, Tanga. Mwanamke yeyote akija na bahasha ya dawa za presha namuuliza: una mimba, au unaitafuta? Wapo wanaoninunia. Wanune tu.

Toa vidonge vyako vyote usome jina la dawa yenyewe, lile la herufi ndogo chini ya jina kubwa la biashara. Likiishia na "pril" (captopril, enalapril, lisinopril) au "sartan" (losartan, valsartan, telmisartan), hiyo si dawa ya mjamzito. Angalia na vidonge vya mchanganyiko: losartan H ni losartan ile ile iliyotiwa dawa ya kukojoza. Tabu ni sisi wauzaji. Tunakata paketi kwa mkasi, jina linabaki dukani, nawe unaondoka na vidonge visivyojulikana. Ukiandikiwa "presha 1x1" tu, rudisha bahasha, dai jina.

Kuanzia kama mwezi wa nne na nusu, sehemu kubwa ya maji yanayomzunguka mtoto tumboni ni mkojo wake mwenyewe. Dawa hizi hupita kwenye kondo la nyuma na kuzidhoofisha figo zake. Mkojo ukipungua, maji hupungua, na pasipo maji mapafu hayakui sawasawa, viungo hukakamaa, mifupa ya fuvu haikomai. Wengine hufia tumboni, wengine huzaliwa figo hazifanyi kazi.

Hatari kubwa iko miezi ya kati na ya mwisho. Wewe uliyezimeza wiki za mwanzo hujajijua bado, punguza kilio. Watoto wengi wa namna hiyo huzaliwa wazima. Lakini leo, au kesho asubuhi, uwe kliniki na vidonge vyako mkononi, usingoje tarehe ya kwenye kadi. Sema ulianza kumeza lini. Huenda ukapigwa ultrasaundi kuangalia maji na figo za mtoto.

Unakwenda kubadilishiwa, dada, si kuachishwa dawa ukalale. Presha iliyoachwa huleta kifafa cha mimba, kiharusi, kondo kubanduka kabla ya wakati. Mlonge wa jirani hauzibi pengo hilo.

Mara nyingi utapewa methyldopa, nifedipine ya kufanya kazi taratibu, au labetalol. Methyldopa huleta usingizi siku za mwanzo. Hiyo nifedipine imeze nzima, usiitafune wala kuiweka chini ya ulimi. Kama unatumia atenolol, itaje pia, maana inahusishwa na watoto kuzaliwa wadogo. Na uulize kuhusu aspirini ya dozi ndogo: wenye presha ya tangu zamani huanzishiwa kama wiki ya 12, kwa maelekezo ya daktari.

Kipimo kikifika 140/90, mwone mhudumu. Kikifika 160/110, au kichwa kikikugonga, macho yakaona ukungu, au ukaumwa chini ya mbavu za kulia, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Aliye mjini hapa, Bombo ipo.

Ukishajifungua endelea kupimwa, kwani presha hupanda sana siku chache baada ya kuzaa. Usishangae daktari akikuandikia enalapril ile ile tuliyoikataza: kwa anayenyonyesha huruhusiwa. Ila mwambie kama mtoto amezaliwa njiti.