Bomba la kurudisha maji kwenye tangi la samaki lenye sampu: lipange kwa siku umeme utakapokatika

Pampu ikiwa inazunguka, karibu kila tangi lenye sampu, yaani tangi dogo la chini linalopokea maji ya lile la juu, linaonekana limefungwa vizuri. Kasoro hujitokeza pampu inaposimama. Kwa hiyo, kabla hujanunua hata elbo moja, jibu swali hili: umeme ukikatika saa nane usiku, maji ya tangi la juu yatashuka mpaka wapi, na sampu ina nafasi ya kuyapokea?

Maji humwagika kwa uzito wake kutoka tangi la juu kupitia kisanduku cha kumwagikia (kisanduku chenye meno ambacho maji ya usoni huingia humo), hupita vyumba vya sampu, kisha pampu iliyo chumba cha mwisho huyapandisha tena. Pampu ikisimama, maji yaliyomo kwenye bomba la kupanda yanageuza mwendo. Kama mdomo wa bomba umezama, litalivuta tangi kama mtu anavyovuta petroli kwa mpira, na halitaacha mpaka mdomo upate hewa.

Anza na kalamu na karatasi

Chukua tangi la sentimita 120 kwa 50, kimo 50. Uso wa maji yake ni 120 × 50, hivyo kila sentimita moja inayoshuka ni lita 6. Chini yake weka sampu ya sentimita 80 kwa 40, kimo 40. Humo kila sentimita inabeba lita 3.2. Tuseme maji ya sampu yanakaa sentimita 22 pampu ikiwa inafanya kazi.

Mdomo wa bomba ukiwa sentimita 2 chini ya uso wa maji, umeme ukikatika zitashuka lita 12 za tangi, kama lita 6 zilizomo kwenye kisanduku cha kumwagikia, na lita moja na nusu hivi za ndani ya bomba. Jumla ni kama lita 20. Sampu itapanda sentimita 6 na kufika 28. Hapo uko salama.

Sasa uzamishe mdomo huohuo sentimita 15, kama wafanyavyo wengi ili maji yasipige kelele. Zitashuka lita 90 za tangi pamoja na zile 7 za kisanduku na bomba. Sampu ingehitaji kimo cha sentimita 52, na yenyewe ina 40. Lita 40 hivi zitakuwa sakafuni. Pampu ni ileile na bomba ni lilelile. Kilichobadilika ni sentimita 13 za mdomo tu.

Fanya hesabu ya upande wa pili pia, kwa sababu njia ya kushuka nayo huziba: jani, konokono, au samaki aliyekufa akanasa kwenye meno ya kisanduku. Hapo pampu itaendelea kupandisha maji mpaka chumba chake kikauke. Chumba cha sentimita 25 kwa 40 kina lita moja kwa kila sentimita. Kama maji yake yako 22 na pampu huanza kuvuta hewa yakifika 8, zitapanda lita 14, na tangi la juu litaongezeka sentimita 2.3. Acha basi sentimita 4 kutoka uso wa maji hadi ukingo wa kioo. Ukifanya chumba cha pampu kikubwa mno kwa kudhani unajiwekea akiba, ndiyo unaongeza maji yatakayomwagika siku hiyo.

Tundu la hewa na koki ya kuzuia maji kurudi

Kinga ya kwanza ni mdomo kukaa karibu na uso wa maji. Ya pili ni tundu la hewa: toboa bomba kwa drili ya milimita 5 au 6, nusu sentimita chini ya uso wa maji, likielekea chini ili maji yanayoruka yaishie ndani ya tangi. Maji yakishuka kidogo, tundu linaachwa wazi, hewa inaingia na mvuto unakatika. Tundu la milimita 3 linafanya kazi wiki za mwanzo, kisha mwani na konokono wadogo hulifunga. Hata lile kubwa lisafishe kila mwezi kwa kijiti cha meno.

Koki ya kuzuia maji kurudi usiifanye tegemeo lako. Kipande kimoja tu cha mwani au ukoko wa chokaa kikikaa kwenye kifuniko chake, maji hupita taratibu usiku kucha. Isitoshe, inapunguza nguvu ya pampu kila dakika inapofanya kazi. Ukitaka kuiweka, iweke kati ya yunioni mbili (viungo vinavyofunguka bila kukata bomba) ili uitoe na kuisafisha, na hesabu zako za sampu zikubali hata kama haipo.

Unene wa bomba na saizi ya pampu

Namba kubwa kwenye boksi la pampu, tuseme lita 3000 kwa saa, ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Angalia namba ya pili, kimo cha juu kabisa: hapo pampu haitoi hata tone. Wewe unafanya kazi katikati, na ni mchoro wa pampu, ule mstari unaoonyesha lita kwa kila kimo, ndio unaokuambia utapata lita ngapi.

Kwa tangi hili la lita 300, lita 1200 hadi 1500 kwa saa zinazofika kweli juu zinatosha. Kwenye tangi la matumbawe, mikondo mikali itolewe na pampu ndogo za ndani ya tangi. Usiilazimishe pampu ya sampu kufanya kazi hiyo.

Stendi ikiwa na sentimita 90, kutoka uso wa maji ya sampu hadi uso wa tangi ni kama mita 1.1. Ongeza msuguano. Kwa lita 1500 kwa saa, mita mbili na nusu za bomba la PPR (plastiki inayounganishwa kwa joto) la milimita 25, ambalo tundu lake la ndani ni milimita 18 tu, pamoja na elbo tatu, zinakula kama sentimita 75 za kimo. Njia hiyohiyo kwa PVC la milimita 32, lenye tundu la 27 hivi, inakula sentimita 12. Kwa PVC pampu itafanya kazi kwenye mita 1.2, kwa PPR karibu 1.9, na bili ya umeme ni ileile. Panua bomba mara tu baada ya mdomo wa pampu, na ulipunguze mwishoni kama unataka maji yatoke kwa kasi. Badala ya elbo moja ya nyuzi 90, mbili za 45 ni bora pale nafasi inaporuhusu.

Bomba la kushuka liwe nene kuliko la kupanda, inchi moja na nusu kwa tangi hili, na liwepo la pili la dharura lisilo na koki yoyote.

Vifaa, na shaba ya kuogopa

Kwa tangi la maji chumvi tumia PVC tupu: bomba, elbo, koki na yunioni, vyote vya plastiki. Koki nyingi za madukani ni za shaba, na shaba ikiyeyuka kidogo tu huua kamba, konokono na matumbawe. PPR yenyewe haina neno, ila viungo vyake vyenye uzi vina shaba ndani, hata vikiwa vimepakwa rangi ya fedha. Fundi bomba wa majumbani hana sababu ya kulijua hilo, hivyo mwambie mapema. Mabomba ya chuma yenye zinki yaache kabisa.

Utahitaji mita 3 za bomba, elbo tatu au nne, yunioni mbili, koki moja ya PVC, kopo dogo la gundi ya PVC, na sentimita 15 za mpira laini mweusi wa kuunganisha pampu na bomba. Mpira huo unazuia mtetemo wa pampu usipande kwenye stendi. Mpira unaopitisha mwanga hujaa mwani.

Usitoboe kioo kwa ajili ya njia ya kupanda. Pitisha bomba juu ya ukingo. Kioo kilichochomwa ili kiwe kigumu hupasuka chote ukikigusa na drili.

Kuunganisha

Kata mabomba yote kwanza, ukikumbuka kuongeza urefu unaoingia ndani ya kila kiungo; kipime kwa rula, usikisie. Ondoa vinyweleo vya plastiki kwa kisu na msasa. Panga njia nzima bila gundi, kisha chora mstari wa kalamu unaovuka kila kiungo ili elbo zirudi zikitazama palepale. Paka gundi pande zote mbili, ingiza huku ukizungusha robo mzunguko hadi mistari ikutane, shikilia sekunde 30. Usipoishikilia, bomba hujisukuma nje lenyewe kabla gundi haijashika.

Yunioni ya kwanza ikae juu kidogo ya pampu, ikifuatiwa na koki. Koki isikae kamwe upande pampu inakovutia maji. Kwenye uzi wa plastiki zungusha tepu nyeupe mara tatu au nne, kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko na uache, spana huupasua. Subiri saa 24 kabla ya kuwasha.

Waya wa pampu ushuke chini kuliko soketi ya umeme kabla ya kupanda kuingia, ili tone linaloufuata lidondoke njiani.

Kujaribu kabla ya samaki

Jaza, washa, acha nusu saa. Kinga maji ya mdomo wa juu kwa ndoo ya lita 10: ikijaa kwa sekunde 24, unapata lita 1500 kwa saa. Kisha zima swichi. Simama hapo mpaka sampu iache kupanda, uone tundu la hewa likibugia. Rudia mara tatu, kwa sababu pampu nyingine hubeba hewa na kushindwa kuanza tena umeme unaporudi. Ziba bomba kuu la kushuka uone kama lile la dharura linapokea. Mwisho ziba yote mawili, uangalie tangi la juu litafika wapi.

Washa tena, na maji ya chumba cha pampu yakitulia, chora mstari kwenye kioo cha chumba hicho kwa kalamu isiyofutika. Maji yanayokauka kila siku hupungua kwenye chumba hicho tu, nawe utajaza mpaka mstari, kwa maji yasiyo na chumvi hata kama tangi ni la bahari. Anayekusaidia kulisha samaki ukisafiri mwonyeshe mstari huo kwa kidole.