Kipimo cha projesteroni: hesabu siku kabla ya kwenda maabara

Kinamama wengi huja na majibu yameandikwa "projesteroni iko chini", vidonge wameshaandikiwa, na hakuna aliyewauliza damu ilitolewa siku ya ngapi ya mzunguko. Linaniuma sana, kwa sababu siku ndiyo inayolipa jibu maana. Projesteroni ni homoni ambayo ovari huitoa kwa wingi baada ya yai kutoka. Kabla ya hapo iko chini kwa kila mwanamke, hata asiye na tatizo.

1. Andika tarehe unayoanza kuona damu, kwa miezi miwili mitatu. Hiyo ndiyo siku ya 1.

2. Kadiria hedhi ijayo, kisha rudi nyuma siku 7. Mzunguko wa siku 28 unaangukia siku ya 21. Wa siku 35, siku ya 28. Huyu wa 35 akipimwa siku ya 21, yai huenda ndiyo kwanza linatoka, na ataambiwa homoni imeshuka.

3. Huna haja ya kufunga. Taja dawa zote unazotumia, hata vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, maana vinaweza kupotosha mashine.

4. Soma kizio (yale maandishi yanayofuata namba, kama ng/mL au nmol/L) kabla ya namba. Zaidi ya 3 ng/mL, kwa kawaida yai limetoka.

Maswali

*Dada, mimi nimepata 10, wifi yangu 32, hospitali tofauti. Kanizidi mara tatu?*
Angalieni vizio. 1 ng/mL ni takriban 3.18 nmol/L. Kama yako ni ng/mL na yake nmol/L, mko sawa.

*Mzunguko wangu hautabiriki, nipime lini?*
Kipimo kimoja hakitakutosha. Mwombe daktari kirudiwe kila wiki mpaka hedhi ije, na aangalie pia prolaktini (homoni ya maziwa) na tezi ya shingo.

*Yangu imetoka chini. Ninunue vidonge?*
Usinunue, mdogo wangu. Kiwango hupanda na kushuka ndani ya saa chache. Subiri hedhi: ikija karibu siku 7 baada ya kipimo, ulipima wakati wake. Ikichelewa sana au ikiwahi, rudia mwezi ujao.

*Mume wangu naye apime?*
Ndiyo. Mkitafuta mtoto mwaka mzima bila mafanikio, au miezi 6 ukiwa na miaka 35 na kuendelea, nendeni wote wawili, naye apimwe mbegu.