Tazama Miguu Kwanza

Tukuyu mvua haibishi hodi. Jumapili moja nilikuwa nimewaahidi wanafunzi wangu watano wa cherehani kwamba nitawaonyesha sinema ya zamani. Shuka tumeshalifunga ukutani, projekta nimeiazima kwa wanakwaya, chai iko kwenye chupa. Dakika kumi tu tangu tuanze, mvua ikalishukia bati la banda langu la kushonea, na sauti ya spika ikamezwa yote. Nikainuka kwenda kuzima. Binti mmoja akasema, "Fundi, acha tu, mbona tunaona."

Tukaendelea. Ilikuwa Modern Times ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1936. Wakati huo sinema za kusema zilikuwa zimeshazoeleka, lakini Chaplin alikataa mtu wake yule wa kofia na fimbo azungumze. Mwisho wa picha anaajiriwa kuimba hotelini, na maneno ya wimbo hayamkai kichwani. Mwenzake anamwandikia kwenye zile ncha ngumu za mikono ya shati, za kuvaa na kuvua. Anaingia ukumbini kwa mbwembwe, anarusha mikono, ncha zinachomoka na kupotelea kwa watu. Maneno hana tena. Basi anaimba lugha ambayo haipo duniani, anafafanua kwa macho, kiuno na vidole, na ukumbi mzima unaelewa. Wanafunzi wangu nao walielewa, bati likiwa linaunguruma. Hiyo ndiyo mara ya kwanza sauti ya yule mtu wa kofia kusikika kwenye sinema, na sisi hatukuisikia, na bado tulicheka mpaka chai ikapoa.

Siku hiyo ndipo nilipojua jinsi ya kumwanzisha mtu. Wengi wananiambia sinema za zamani zinachosha, hazina rangi, Kiingereza chake kigumu, Kihindi ndiyo kabisa. Mimi nawajibu kwamba wanazitazama kama wanavyosikiliza taarifa ya habari. Zitazameni kama mnavyotazama ngoma. Ngomani hakuna anayesogelea uso wa mchezaji. Unarudi nyuma, unatafuta nafasi, unaanza na miguu.

Tuanze na kitambaa, maana hapo nina haki ya kusema. Ukipata projekta, usitundike bafta uliyoiunga kwa mshono katikati. Mshono huo utapita kwenye pua ya kila mtu kwa saa mbili. Kitambaa cha marekani nacho kina unjano, na sinema isiyo na rangi ikiangukia hapo inakuwa kama imemwagiwa chai. Chukua shuka jeupe la kitanda kikubwa, zima, lisilo na maua. Lipige pasi likiwa na unyevu. Chini lishonee pindo pana la kupitisha fito au bomba, ili uzito ulivute linyooke. Madirisha yafunike kwa vitenge viwiviwili, kimoja hakitoshi. Kama huna projekta, televisheni ya kawaida inafaa sana. Simu itumie kwa kurudia vipande, si kwa kuonea sinema nzima mara ya kwanza.

Na hapa kuna kosa ninalolikuta karibu kila nyumba ninayoalikwa. Sinema nyingi za kabla ya mwaka 1953 zilipigwa kwa umbo linalokaribia mraba. Kioo cha televisheni za leo ni kirefu kwa upana, kwa hiyo watu wanaivuta picha ijae. Matokeo yake kila mtu ananenepa na magurudumu yanakuwa mayai. Ingia kwenye mipangilio, rudisha umbo la asili, uache weusi pande mbili. Punguza na ule mwangaza mkali wa dukani. Picha nyeusi na nyeupe ikitulia utaona kwamba kati ya nyeusi na nyeupe kuna vijivu vingi mno, na hariri inajitenga na sufu bila kuambiwa.

Baada ya Chaplin, nenda kwenye miguu yenyewe. Fred Astaire na Ginger Rogers walicheza pamoja katika sinema 10. Anza na Top Hat ya mwaka 1935. Astaire alikuwa na sharti: anapocheza, mwili wote uonekane kuanzia kichwani hadi kwenye kiatu, na kamera isikatekate. Wape watazamaji wako zoezi hili. Kila picha inapokatwa na kuruka sehemu nyingine, wagonge meza mara moja. Kwanza waonyeshe video yoyote ya muziki wa siku hizi, waone jinsi mkono unavyochoka. Kisha waonyeshe ngoma moja ya Astaire na Rogers. Mikono itabaki hewani ikingoja. Mwanafunzi wangu mdogo kuliko wote alishusha mkono akauliza kwa sauti ndogo, "Ina maana hapo hawakupumzika?" Hawakupumzika. Wakikosea walirudia toka mwanzo. Ukishajua hilo, unaanza kuwatazama kwa hofu kidogo, kama unavyomtazama mtu aliyebeba mtungi kichwani kwenye utelezi.

Ndani ya Top Hat kuna gauni la manyoya ya mbuni. Siwezi kulipita. Rogers analivaa wanapocheza wimbo wa shavu kwa shavu, nalo linapumua kila anapogeuka. Manyoya yale yaliwatesa: yalichomoka, yakamrukia Astaire, na inasimuliwa kwamba mafundi walikesha wakiyakaza moja moja. Simamisha picha, angalia karibu na sakafu. Yako yanayodondoka hata kwenye rudio walilolichagua. Mimi niliporudia mara ya tatu nikayaona, nikawaita wanafunzi, tukakaa kimya. Ukishona unajua usiku wa namna ile.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: ingia kwenye sinema kwa mlango wa kazi yako. Seremala atazame ngazi na milango. Mkulima atazame wanavyoshika jembe, ataona mara moja nani hajawahi kulima. Mimi naingia kwa nguo. The Wizard of Oz ya mwaka 1939 inaanza kwa rangi ya udongo, kisha msichana anafungua mlango na nje kuna rangi zote. Hapo hawakubadili mkanda katikati. Walipaka chumba cha ndani rangi ya udongo, wakamvalisha msichana mwingine anayefanana naye gauni la rangi hiyohiyo, akafungua mlango, akajitoa pembeni, na Judy Garland akapita akiwa na gauni lake la buluu. Fundi alishona gauni moja mara mbili ili jicho lako lidanganyike kwa sekunde chache! Hata sehemu nyeupe za lile gauni hazikuwa nyeupe. Zilikuwa pinki iliyopauka, kwa sababu nyeupe kavu haikukaa vizuri kwenye mkanda wa rangi wa wakati ule. Viatu navyo, kitabuni ni vya fedha. Kwenye sinema vikafanywa vyekundu ili rangi ionekane kazi yake.

Kuhusu lugha. Kwenye vibanda umiza tumelelewa na watafsiri, kina Lufufu, na kwa sinema za ngumi na bunduki walitufaa kweli. Kwa sinema ya nyimbo, hapana. Niliwahi kununua diski ya sinema ya Kihindi mjini Mbeya, nikafika nayo nyumbani nikakuta mtu anaongea juu ya kila wimbo, na nyimbo mbili zimekatwa kabisa ili picha iwe fupi. Niliumia. Ni sawa na kununua gauni lililokwisha kutolewa mikono. Kwa hiyo mimi nasimulia kabla. Sentensi tano au sita: huyu ni nani, anataka nini, nani anamzuia. Mwisho wa hadithi siusemi. Picha ikianza nanyamaza, na wimbo ukianza hakuna anayeruhusiwa kunyanyuka, hata kwenda kuongeza mkaa.

Singin' in the Rain ya mwaka 1952 inafaa sana kusimuliwa hivyo, kwa sababu inahusu Hollywood ilipotoka kwenye sinema za kimya kuingia kwenye za kusema. Kuna mwigizaji wa kike mrembo mwenye sauti mbaya, wakamtafuta msichana wa kumwazima sauti. Msichana huyo ni Debbie Reynolds, aliyekuwa na miaka 19 na hakuwa mcheza ngoma wa kufundishwa. Sasa sikia mambo ya pazia la nyuma: pale anapoonekana akimwazima mwenzake sauti ya kuimba, sauti yenyewe ni ya mwanamke wa tatu, Betty Noyes. Na Gene Kelly alipocheza kwenye ile mvua alikuwa na homa kali. Watu wa huku kwetu kwanza wanaguna: mvua nayo ni ya kuchezea? Waache wagune. Wakishamwona alivyofunga mwavuli kwa hiari yake, koti linaloa, anaingia kwenye dimbwi kama mtoto aliyetoroka kutumwa sokoni, uso unawabadilika. Sisi tunaijua mvua kuliko waliotengeneza ile picha.

Sinema za Kihindi zina desturi hiyo ya sauti ya kuazima waziwazi. Madhubala ndiye anayecheza katika Mughal-e-Azam ya mwaka 1960, anayeimba ni Lata Mangeshkar. Sehemu kubwa ya picha haina rangi, halafu unaingia ule ukumbi wa vioo, na rangi zinakumwagikia. Nguo zake zilishonwa na mafundi walioletwa kutoka Delhi. Inazidi saa tatu, kwa hiyo igaweni Jumapili mbili. Awaara ya mwaka 1951, ya Raj Kapoor na Nargis, ndiyo itakayowagusa wazee. Mimi mwenyewe nilianzia kwenye Kihindi. Baba alikuwa dereva wa lori la chai, akanipeleka jumba la sinema Mbeya mjini nikiwa na miaka tisa, na baridi ya Juni sikuisikia.

Hapa sasa panahitaji moyo. Katika sinema hizi mtakutana na mambo ya kuudhi juu yetu watu weusi. Mzungu Al Jolson anapaka uso masizi kujifanya mweusi katika The Jazz Singer ya mwaka 1927. Astaire huyuhuyu ninayemsifu anapaka katika Swing Time ya mwaka 1936. Usikirushe kipande hicho mbele ukidhani unawalinda watoto. Simamisha, kiseme kilivyo, waache waulize, kisha endelea. Na Jumapili inayofuata waonyeshe Stormy Weather ya mwaka 1943, ambayo waigizaji wake ni weusi: Lena Horne, Bill Robinson, Cab Calloway. Kwenye sinema nyingine za Hollywood vipande vya Lena Horne viliwekwa pembeni ya hadithi, ili kumbi za kusini mwa Marekani ziweze kuvikata na hadithi isiyumbe. Humu hakatiki. Subiri ndugu wawili, Fayard na Harold Nicholas. Wanashuka ngazi kubwa kwa kurukana, mmoja juu ya kichwa cha mwenzake, kila mara wakitua miguu imetanuka mpaka chini, na kuinuka bila kushika mikono. Nilisimamisha picha nichunguze msamba wa suruali zao, maana suruali ninayoijua ingeshapasuka kwenye ngazi ya kwanza. Wanafunzi wakanipigia kelele niache, waone. Tulikirudia kipande hicho mara nne, na kwa mara ya nne hakuna aliyekuwa amekaa.

Kurudia ndiyo siri ya yote. Mara ya kwanza hadithi inakushika, humwoni mtu wa nyuma. Ya pili, mtazame asiyezungumza. Weka daftari, andika kitu kimoja tu kila Jumapili, si muhtasari. Langu limejaa mikunjo, vifungo na aina za kola.

Na waulizeni wazee. Rashidi Kawawa, mtoto wa Songea aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, kabla ya siasa aliwahi kuwa mwigizaji mkuu wa sinema ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu. Niliposema hivyo kwenye banda, wanafunzi walidhani natania. Bibi jirani, ambaye huja na ndizi zake za kuchoma na hukaa karibu na mlango kwa ajili ya magoti, akasema yeye sinema aliziona akiwa kijana, na akaanza kuuvumisha wimbo wa Awaara, ule wa mtu anayezurura, bila neno hata moja, noti zote ziko mahali pake. Nikamuuliza aliusikia wapi. Akasema subiri nimalize.

Jumapili ijayo ni zamu yake kuchagua. Ameshaniambia anataka Mother India, ya mwaka 1957, na nimeshalianika shuka mapema, kabla ya saa nane.